Makofi Tuliyompelekea Shangazi

Enzi zetu mtoto hakufundishwa mdundo kwa skrini wala kwa chaki ubaoni. Alipewa kibuyu cha maziwa mgando, akakalishwa juu ya gunia, akaambiwa atikise. Ukitikisa kwa pupa, siagi haiji. Ukitikisa kwa uvivu, haiji vilevile. Siagi inataka mkono usiobadilika, na ukishaupata mkono huo, hata usingizi ukikuchukua unaendelea kutikisa. Ninyi mliokulia upande wetu wa Kakamega mnanielewa. Mliokulia mjini kwa siagi ya kopo mtaniwia radhi.

Mwalimu wetu alikuwa Shangazi Peresi, dada mkubwa wa baba yangu. Hakujaliwa mtoto wake wa kuzaa, kwa hiyo watoto wa maboma yote ya jirani tulikuwa wake, tukapigwa na kulishwa bila mzazi yeyote kuulizwa. Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, ungemsikia akituita kwa majina kutoka jikoni. Nani angethubutu kujifanya amelala? Tulienda tunapikicha macho, miguu imelowa, tukaingia kwenye lile jiko lenye giza, moshi unawasha macho, maziwa yaliyolala yananukia kila mahali na mbuzi amefungwa kwenye kona kama mgeni wa heshima.

Tulikaa wawili wawili, tukitazamana, magoti yakigusana. Mmoja alikilaza kibuyu mapajani na kukitikisa mbele na nyuma, mwenzake akapiga makofi. Shangazi alikuwa pembeni anachambua mboga zake, saga na mrenda, hatutazami kabisa, lakini ukikosea hata kidogo bua la mboga lilikupata kichwani. "Kibuyu hakichezi," alikuwa akisema. "Kibuyu kinatembea. Makofi ndiyo yanacheza." Kwa maneno hayo machache alikuwa amemaliza somo ambalo siku hizi watu huendea chuo. Kibuyu kilishika pigo la chini, lile lisilobadilika, nayo makofi yakaruka juu yake, mara mawili ya haraka, mara moja la kuchelewa, mara kimya. Ukiwa na miaka sita hujui kama unajifunza kitu. Unajua tu kwamba mikono inauma na chai bado.

Na chai yenyewe! Chai ya Shangazi ilichemshwa na maziwa tangu mwanzo, si haya mambo ya kutia tone moja juu juu kama dawa ya macho. Ilikuja na nduma au viazi vitamu vilivyookwa kwenye jivu, unakipuliza kiazi na jivu linakurukia puani. Siku ambayo siagi ilikubali mapema, kila mmoja alilambishwa kidogo kwenye kidole. Mimi niliwahi kuuma kidole changu mwenyewe kwa tamaa, na nikachekwa hadi nikaingia darasa la nne.

Sheria yake kubwa ilikuwa kungojana. Mwenzako akichoka, punguza. Akipotea, mngoje, mrudi pamoja. Kulikuwa na msichana mmoja, Risper, mkono wake mmoja ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, na makofi yake yalikuja yamechelewa kidogo. Hakuna aliyemwambia Risper akae nje. Jiko zima lilipunguza mwendo likamfuata, na siagi ilikuja tu. "Mdundo si wako," Shangazi alisema. "Ni wa yule anayekusikia." Tulilizoea neno hilo kiasi kwamba hatukulisikia tena.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa nasari alikuwa na kengele iliyotengenezwa kwa ringi ya gari, akaigonga kwa chuma, nasi tukaandamana uwanjani, lep-rait, lep-rait, miguu mitupu juu ya mchanga baridi. Tulicheza kati kwa mpira, tukaruka kamba ya blada, tukapigana makofi ya mchezo hadi viganja vikawa vyekundu. Siku ya maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, tulikunywa, tukazipuliza pakiti, tukazikanyaga zilie paa! Mwalimu akikasirika, mtu wa kwanza kukimbia alikuwa monita. Lakini hata katika kukimbia, sisi watoto wa Shangazi Peresi tulijulikana. Mwalimu alisema tunakimbia kama watu wanaotwanga.

Ninayaeleza haya nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu Shangazi Peresi amefariki. Alikuwa mzee sana, na alikwenda polepole, bila kusumbua mtu. Binamu yangu Amos, aliyebaki na boma lake na kumwita mama, ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi hapa Lozells, mvua ile ya Birmingham isiyonyesha wala kukatika, nikielekea kazini Harborne, kwenye shule ya chekechea ninakolea watoto wa manesi na madaktari.

"Sister, mama ametuacha," Amos alisema. "Tunazika Saturday ijayo. Usijali, tumejipanga, tent iko, PA iko, DJ tumeshambook."

Nilimwuliza nani atampigia makofi. Nikasikia kuku tu upande wake.

Kwetu, mwanamke aliyelea watoto wa wenzake husindikizwa na mikono aliyoifundisha. Watoto wanaanza makofi karibu na jeneza, na waombolezaji wanayajibu, hadi udongo uanze kuingia. Shangazi mwenyewe alilisema mara nyingi, tena akicheka, mikono ikiwa kwenye mboga: "Siku yangu msiniletee redio. Mnipigie kwa mikono." Sasa mikono yenyewe iko wapi? Risper alishatangulia. Wengine wako Nairobi, wengine Dubai wanafua nguo za watu, na watoto waliobaki kijijini hawakuwahi kuona kibuyu, maana maziwa hununuliwa dukani. Amos alikuwa wa kuchunga ng'ombe, jikoni hakuwahi kukaa. Kina mama wazee wanajua kujibu, lakini hakuna anayejua kuanza.

Mimi ningekwenda. Ningekopa nauli, ningeomba ruhusa, ningekwenda. Lakini pasipoti yangu iko kwa watu wa uhamiaji wakivifanyia kazi vibali vyangu vipya, na ukitoka kabla hawajamaliza, umejifungia mlango mwenyewe. Nilisimama pale kituoni nikalia mbele za watu, na Waingereza, kwa adabu yao, wote wakaanza kuangalia basi linakotokea. Halafu nikamwambia Amos, "Tutampigia kutoka huku. Nina watoto."

Ninao kweli. Kila Jumamosi katika ukumbi mmoja wa kukodi hapa Lozells nakutana na watoto wadogo, wa Kikenya, wa Kikongo, wa Kisomali waliotoka Garissa na Eastleigh kwa njia ndefu, nawafundisha pigo na mdundo. Kazini Harborne tuna vijiti vya rangi na mayai ya plastiki yenye punje ndani, na kuna kishikwambi kinachopiga makofi chenyewe, mtoto akibonyeza kinamsifu. Mtoto hajafanya chochote, anasifiwa! Nyumbani kwangu kwenyewe mwanangu Elvis, kijana mzima, ana ngoma za umeme. Anavaa vifaa vyake vya masikioni ili majirani wa ukuta wa pili wasilalamike, anajitikisa peke yake hadi jasho linamtoka, na sisi tunasikia vijiti tu, tak tak tak. Nikamwambia siku moja, mwanangu, enzi zetu anayepiga ngoma asikilize peke yake alipelekwa kwa mganga.

Kibuyu hapa sina. Natumia mitungi ya plastiki na malai ya kopo kutoka supamaketi, mtungi mmoja kwa watoto wawili, magoti yaguse magoti. Siku ya kwanza walitikisa kama wanaua nyoka. Wakachoka haraka, wakaanza, "Auntie, is it butter yet? Auntie, my arm's dying." Mmoja aliniuliza kama hakuna mashine ya kufanya hivyo. Nikamwambia ipo, na ndiyo sababu babu zako wanakuonea huruma. Lakini watoto ni watoto. Wiki baada ya wiki mikono ilitulia, sauti ndani ya mtungi ikabadilika kutoka maji kuwa kitu kizito, na walipoiona siagi wenyewe walipiga kelele hadi mtunza ukumbi akaja kuangalia.

Aliyeshika kuliko wote ni Hodan, msichana wa miaka saba, Msomali, ambaye kwao si kwetu na maziwa yao ni ya ngamia. Huyo, ukimwekea pigo, halitoki. Tena ana masikio. Mwenzake akichelewa, yeye anahisi kabla hata mimi sijahisi, anapunguza, anamchukua, wanarudi pamoja. Sikumfundisha kwa bua la mboga, hapa ningefungwa. Nilimwambia tu maneno ya Shangazi, naye akayaelewa kwa Kiingereza chake.

Wiki ile nzima tulijifunza makofi ya kumsindikiza Shangazi. Nilikuwa nawaita jioni wakitoka shule, na wazazi waliwaleta, Mungu awabariki, wengine wakitoka zamu bila kula. Niliwaeleza watoto kwamba kuna bibi aliyenifundisha mimi, na kwamba wao ni mikono yake hata kama hawakumwona. Kongo na Usomali walikubali kuwa wajukuu wa Kakamega bila neno. Niliwapanga: sisi tunaanza, kina mama nyumbani wanajibu, tunasikiliza jibu lao, tunaanza tena.

Mama Hodan, anayepika kwenye mkahawa na anapenda mambo yaishe, aliniita kando. "Mwalimu, si urecord tu uwatumie? Wallahi network ya huko naijua mimi. Itakuaibisha."

"Rekodi haijibu mtu," nikamwambia. "Ni redio tu hiyo."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Jumamosi ikafika. Huku ilikuwa asubuhi, kule nyumbani jua la mchana. Niliweka simu juu ya kiti, nikaiegemeza kwa Biblia isianguke. Watoto walikaa nusu duara, wamevaa nguo safi, hata wale wa suruali za kuchanika magotini walikuwa wamebadilishwa na mama zao. Amos akaonekana, kisha akageuza simu. Nikaliona jeneza. Nikaona mahema, viti vya plastiki, paa la jiko la Shangazi limeingia ndani upande mmoja, na kina mama wazee wamepangwa mbele na vitambaa vyao. Nilitaka kuingia kwenye kile kioo. Nasema kweli, nilitaka mwili wangu upite pale.

"Sister, anza, pasta anangoja," Amos akasema.

Nikainua mkono. Hodan akaanza.

Yalikuwa makofi mazuri. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Yalitoka kwa pamoja, mepesi, na yale mawili ya haraka yaliruka mahali pake, na kwa muda mfupi nilisikia moshi machoni. Kule nyumbani nikaona wale wazee wanainua vichwa. Mmoja alishika mdomo. Halafu wakajibu, na jibu likatufikia.

Lilitufikia limechelewa. Si sana, kadiri mtu anavyomaliza neno na kushusha pumzi. Lakini kwa watoto wangu waliofundishwa kusikiliza, kuchelewa huko kulimaanisha wenzao wamechoka, kwa hiyo wakapunguza mwendo ili wawangoje. Makofi yao yaliyopunguzwa yakaenda Kakamega, nako yakafika yamechelewa. Kina mama, nao ni watu wa Shangazi, wakaona watoto wanasitasita, wakapunguza wawangoje watoto. Jibu likarudi polepole zaidi. Hodan akapunguza tena. Niliona kinachotokea, nikaanza kugonga sakafu kwa mguu nikiwavuta, lakini macho na masikio yao yote yalikuwa kwenye simu. Walikuwa wanawachukua wazee. Na wazee walikuwa wanawachukua wao. Kofi moja, kimya, kofi, kimya kirefu, hadi kila upande ukawa umeinua mikono hewani unamngoja mwenzake.

"Auntie, do we wait?" Hodan akaninong'oneza.

"Tungoje kidogo," nikasema.

Tulingoja. Pale kwenye kioo, wale mama wazee nao mikono yao ilikuwa juu. Kisha nikasikia sauti ya Amos, "Pole sister, ni network, na programme iko behind sana," na mahali pa makofi ukaingia muziki wa DJ, mkubwa, hata spika ya simu ikaanza kukwaruza. Shangazi alizikwa na muziki huo. Niliona mabega ya vijana wakishusha kamba, niliona udongo wa kwanza, mwekundu, nikaona hata viatu vya pasta. Hakuna kitu ambacho sikukiona.

Watoto walinitazama. Mdogo mmoja aliuliza kama wamekosea, na kama bibi amekasirika. Nikawaambia hawakukosea. Walifanya kila kitu nilichowafundisha, na hilo ndilo lililoniuma kuliko msiba wenyewe. Kama wangekuwa watoto wakaidi, kila mtu na lake, wasiomjali mwenzao, makofi yale yangefika hadi mwisho na Shangazi angesindikizwa. Mama Hodan alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hakunikumbusha alichosema. Alinimiminia kikombe, akakaa kando yangu, akashika goti langu, na wala hakusema Mungu ndiye ajuaye, jambo nililomshukuru.

Usiku uleule Amos alinitumia picha za kaburi, zote zimetulia na zinaonekana vizuri. Nilizitazama mara moja tu.

Sasa wenzangu, mnajua tulivyolelewa. Enzi zetu habari ya msiba ilitembea kwa miguu. Ilichelewa, ilipotea njia, ilifika imechanganyika na mengine, lakini nyuma yake alikuja mtu. Alikuja na kuku kwapani au mikono mitupu, akakaa chini na wenye kulia. Siku hizi habari inafika kabla mwili haujapoa, na mtu hafiki kamwe. Vijana wetu wanadhani tunalalamika tu kwa sababu ya uzee. Wanatuambia mbona mnaona kila kitu moja kwa moja, mnataka nini tena?

Na nyumbani bado ninao wengine. Mama yangu yupo, magoti yamemshinda. Yupo mjomba. Wapo wale kina mama waliobaki na mikono hewani. Vibali vyangu sijui vitatoka lini, na hata vikitoka, sitaweza kukimbilia kila kaburi.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja kama kawaida. Niliwakalisha nusu duara, nikaweka simu ileile juu ya kiti, bila kumpigia mtu, na mbele yao nikaizima sauti. Nikawaambia safari hii tunajifunza jambo jipya: mkishaanza, msisikilize upande wa pili. Msiwangoje. Nyie endeleeni tu hadi mwisho. Walipiga, na kwa mara ya kwanza hawakupunguza hata kidogo, wakaenda hadi mwisho bila kosa, na wazazi waliokuwa nyuma wakawasifu.

Tulipoanza tena, Hodan peke yake ndiye aliyebaki anaitazama ile simu isiyosema kitu.

"Auntie," akaniuliza, "are they clapping back?"

Nikamwambia ndiyo, wanapiga, endelea.